Soksi Isiyo na Kisigino

9 Januari

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini goti lako limetulia. Najua simu niliyokuletea hamjapatana, maana nimepiga mara nne, ya tano akapokea jirani yako akaniambia umeifungia kabatini isikupigie kelele. Haya, tutaandikiana kama zamani. Sisi wazima. Mkweo amepewa darasa la kwanza mwaka huu na anarudi nyumbani sauti imemkauka. Mjukuu wako ameng'oka meno mawili ya mbele na hataki kucheka mbele ya wageni. Na ule mlango wako wa mbele, bado unavimba mvua ikinyesha? Niruhusu nikutafutie fundi aupige randa, au akuwekee mwingine kabisa. Umeng'ang'ania mlango ule kama mali ya urithi.

Kifurushi kimefika. Soksi kumi na nne! Nimezipanga mezani karakanani na wenzangu wamepiga makofi. Yule mama muuza mkaa anasema tangu avae soksi yako ya sufu kigutu chake cha mguu hakijachubuka hata siku moja, akaniuliza ni nani aliyewaza kufuma soksi isiyo na kisigino wala vidole. Nikamwambia ni mwalimu mstaafu asiyeweza kukaa mikono mitupu.

Sasa kaa chini kwanza, Shangazi.

Jumanne nilikuwa nafanya kazi yangu ya miguu ya bandia, akaingia mwanamke mmoja anasukuma kiti cha magurudumu. Kitini mzee, mguu wa kulia umekatwa chini ya goti, kisukari. Nikafungua faili, nikasoma jina, nikalisoma tena. Mzee akasema, "Nimengoja tangu asubuhi. Hapa hakuna msimamizi?" Ile sauti! Ni Bwana Filimbi.

Amekonda, meno hana, shingo imebaki mishipa. Lakini ni yeye, msimamizi wa kiwanda cha samani alikofanya kazi baba, yule aliyekuwa akiwapulizia filimbi mafundi wazima kama wanafunzi. Ni yeye aliyesimama mahakamani akaapa kwamba alimwona baba akitoka ghalani siku mbao zilipoungua. Amehamia huku kwa binti yake. Hakunitambua, au alijitia hamnazo. Nilimwambia arudi Alhamisi kwa vipimo. Nilisingizia mkono unaniuma.

Mwenzangu yuko likizo ya uzazi hadi Mei, kwa hiyo kwenye hospitali hii anayetengeneza miguu ni mimi tu. Sijui nifanye nini. Wewe ndiye uliyenilea baada ya baba, basi niambie neno.

Mwanao,
Msumari


27 Januari

Msumari wangu,

Marahaba, baba. Mimi mzima, goti ni bovu, simu iko kabatini na itakaa humo humo. Mwambie mjukuu wangu acheke, mimi nimepoteza meno saba na bado naanzisha nyimbo kanisani. Kwaya imegawanyika pande mbili kwa ajili ya rangi ya sare, na kila upande unadai Roho Mtakatifu yuko kwao. Jogoo wa jirani amehamia kwangu bila kukaribishwa. Mlango wangu uache. Usiuguse, usinitafutie fundi, nimekwisha sema.

Uliniambia nikae chini. Nilikaa, tena sakafuni. Kisha nikapiga kelele hadi jirani akaja mbio akidhani nimefiwa.

Basi Mungu anaona! Miaka thelathini namwomba kitu kimoja tu, nimsikie mtu yule ameshushwa chini. Kaka yangu alifungwa miaka sita, hakumaliza hata miwili, akafia humo. Waliniita nikachukue vitu vyake, wakanipa mfuko mmoja wa nguo, na nguo zenyewe hazikukaushwa. Wewe ulikuwa umesimama mlangoni unaniuliza baba anakuja lini. Hayo hayafutiki.

Sasa sikia. Jumatano kwenye maombi ya akina mama nilisoma habari za Daudi pangoni. Sauli anamwinda Daudi amuue, halafu anaingia pango lile lile, peke yake, hana mlinzi wala habari. Na Daudi yuko ndani na kisu. Watu wake wakamnong'oneza kwamba siku ndiyo hii, Mungu amemtia adui yake mkononi mwake. Na barua yako ilikuwa kwenye mkoba wangu wakati ule ule.

Sikwambii ufanye nini, wewe ni mtu mzima una mke na mtoto. Nakwambia tu kwamba soksi zangu hazitagusa mguu wa mtu yule. Hata moja. Nikisikia umempa, nazivunja sindano zangu za kufumia na wagonjwa wako watakudai soksi wewe.

Naiombea mikono yako.

Shangazi yako


21 Februari

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Sisi hatujambo. Mjukuu wako jino moja limeanza kuchomoza, sasa anacheka upande mmoja. Mkweo anakushukuru kwa ule mfano wa kola ya kufuma uliomtumia, ameuweza.

Bwana Filimbi amepata mguu. Nilimpima, nikautengeneza, akaujaribu kati ya vyuma viwili vya kushikia, akaenda na kurudi mara tano. Nilimuuliza unabana mahali, akasema uko sawa. Soksi yako sikumpa. Nilimpa kuukuu ya hospitali, ya uzi mgumu.

Ameondoka nao wiki iliyopita. Basi, habari imeisha. Usiniulize zaidi.

Mwanao,
Msumari


8 Machi

Msumari,

Marahaba. Nimepokea kijibarua chako, maana barua siyo. Mimi nakujua tangu unakojoa kitandani. Ukifanya jambo jema unaandika kurasa nne na kuchora picha pembeni. Ukivunja kikombe unasema "habari imeisha".

Sawa, sikuulizi. Anatembea? Anatembeaje? Anajua ni nani aliyempa mguu? Alikutazama usoni? Ndiyo hivyo, sikuulizi.

Mvua imeanza. Mlango umevimba, naufungua kwa bega. Jogoo ametaga, kumbe ni kuku, na mwenyewe sasa anamtaka arudi.

Shangazi yako anayengoja kurasa nne


2 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Wote wazima nyumbani, nakuandikia haraka niseme kabla sijaogopa.

Nilimfanyia ubaya. Acha nikueleze kazi yenyewe ndipo utaelewa. Nafunga kigutu kwa bandeji ya plasta, ikikauka naivua, naimiminia plasta nyingine ndani, napata mfano wa kigutu chenyewe. Ule mfano naupiga tupa. Penye nyama napunguza ili kikombe cha mguu, kinachofinyangwa juu ya mfano huo, kishike. Penye mfupa naongeza plasta kidogo, ili kikombe kiache nafasi, mfupa usiguswe. Kwenye ncha ya mfupa wa muundi naongeza milimita tatu. Nimefanya hivyo kwa kila mgonjwa miaka kumi na tisa. Kwake sikuongeza.

Sikusahau, Shangazi. Plasta nilikuwa nayo mkononi. Nilisimama mbele ya ule mfano hadi ikaniganda vidoleni, kisha nikaenda kunawa. Aliposema mguu uko sawa nilijua hauko sawa. Nilimwona anavyouma midomo. Nikamwandikia tarehe ya kurudi, nikiomba asirudi.

Hakurudi kweli. Aliyekuja ni binti yake, tarehe ishirini na nane, anasema baba ana homa na hataki mtu aguse mguu. Nikaenda. Wanakaa chumba cha nyuma ya duka la ushonaji, kitanda, meza, dirisha moja linalotazama tangi la maji. Mguu niliomtengenezea ulikuwa umeegemezwa ukutani, kiatu kimepigwa rangi. Nilimfungua bandeji. Ncha ya mfupa ina kidonda, upana wake kifungo cha koti, na kinanuka. Kwa mgonjwa wa kisukari kidonda hicho si mchezo. Daktari anasema kisipofunga hadi mwisho wa Juni watamkata tena, safari hii juu ya goti. Bila goti, mzee wa umri ule hatasimama tena maisha yake yote.

Nilimuuliza, "Umetembelea mguu huu wiki sita na maumivu haya? Kwa nini hukurudi?"

Akanitazama. "Nilidhani ndivyo ulivyokusudia."

Akaniambia alinijua siku ya kwanza, eti nasimama kama baba, mguu mmoja mbele. Aliona ni haki yangu, akaamua kuvumilia. Nikamuuliza kuhusu baba, maana sasa ningeuliza nini kingine? Alijibu akitazama dirishani. Aliona mgongo wa mtu na shati la kazi, na wote walivaa shati lile. Mwenye kiwanda alitaka jina kabla jua halijazama. Akatoa jina la fundi aliyekuwa akimbishia kila siku. Kisha akasema, "Nilijiambia akija mtu mmoja tu aseme alikuwa naye, nitarudi nyuma. Kesi ilichukua miezi minne. Hakuja mtu."

Hakuniomba msamaha. Alilalamika kwamba chai imepoa, akamfokea binti yake. Ni mtu wa kuudhi kama zamani.

Shangazi, ile habari ya Daudi uliishia katikati. Nimeisoma yote. Mungu hakusema lile neno la kumtia Sauli mkononi mwa Daudi siku ile. Waliolisema ni watu waliokaa nyuma ya pango. Na Daudi hakumuua. Alikata upindo wa vazi lake tu, kipande kidogo, na bado moyo ukamsuta hadi akatoka nje kumwita. Mimi nilikata milimita tatu. Nimemweleza mkuu wa karakana kila kitu, nimeandikiwa onyo kali, na napita kwa mzee kila asubuhi kabla ya kazi kumsafisha kidonda.

Nina swali moja. Siku ya moto ilikuwa Jumamosi, kiwanda kimefungwa, mimi nilikuwa kwenye mashindano ya shule nikarudi Jumapili. Baba hakusema mahakamani alikuwa wapi. Wewe unajua alikuwa wapi?

Mwanao,
Msumari


15 Mei

Shangazi,

Shikamoo. Wiki sita sasa na hujajibu. Jirani yako anasema u mzima, unafagia, unakwenda kanisani, ila maombi ya Jumatano unasingizia kuwa mgonjwa. Simu bado kabatini. Kama ni hasira kwa sababu namhudumia Bwana Filimbi, nitukane, nimezoea. Kimya chako ndicho sijazoea.

Kidonda hakijafunga. Kuna siku naona nyama nyekundu safi, nafurahi, kesho yake kina usaha tena. Mzee anakata tamaa na ananikatisha tamaa. Jana alisema, "Waache wakate, tuachane na kazi hii." Nikamwambia afunge mdomo. Nilimwambia hivyo hivyo, mzee wa miaka sabini na tano. Akacheka. Sijawahi kumwona akicheka tangu nizaliwe.

Kikipona nitamtengenezea mguu mwingine, na hapo atahitaji soksi laini, maana ngozi mpya ni ya kitoto. Zako zimekwisha kabatini kwangu. Sikuombi. Nakueleza tu.

Swali langu liko pale pale.

Msumari


30 Mei

Msumari,

Nimepokea barua zako zote mbili. Mimi mzima. Yule kuku nimemrudisha akarudi mwenyewe. Kwaya wamekubaliana rangi ya tatu ambayo hakuna aliyeitaka. Kuna bati limelegea jikoni.

Kuhusu lile uliloniuliza, mvua imekuwa nyingi sana mwaka huu.

Salimia wote.

Shangazi yako


19 Juni

Mwanangu,

Hii ni barua ya nne, tatu nimezichana. Habari za nyumbani niruhusu niziache leo.

Baba yako alikuwa kwangu.

Alikuja saa nne asubuhi na randa yake na bawaba mbili, akaondoka jua linazama. Alikuwa ananitengenezea mlango. Huu huu. Moto ulipowaka ghalani kaka yangu alikuwa amepiga magoti kwenye kizingiti changu ana misumari mdomoni, na mimi nilikuwa nimeushikilia mlango usianguke. Tuliuona moshi. Alisema, "Wee, kule kiwandani kunawaka," akaweka nyundo chini tukatazama wote wawili.

Utaniuliza kwa nini sikusema. Mbao za mlango zilitoka kiwandani. Marehemu mume wangu alikuwa mlinzi wa ghala lile, akatoa mbao tano bila ruhusa ya mtu. Kaka yangu angesema alikuwa kwangu, wangekuja kuona anatengeneza nini, na kila ubao una mhuri wa kiwanda kwa ndani. Mume wangu angefungwa, na mtu aliyeiba mbao ghalani angekuwa ndiye aliyelichoma, hawangetafuta mwingine. Kwa hiyo kaka yangu alinyamaza. Siku ya kwanza mahakamani nilisimama niseme. Alinigeukia pale kizimbani akatikisa kichwa. Hivi, mara moja. Nikakaa.

Nilijiambia amekataa mwenyewe. Nimejiambia hivyo miaka thelathini. Lakini kesi ilikuwa na siku nyingi baada ya ile, na siku zote nilikaa. Aliponiangalia siku ya hukumu hakutikisa tena kichwa, alinitazama tu. Mtu akitazamwa hivyo na ndugu yake hahitaji kuambiwa.

Sasa mtu yule anasema alingoja aje mmoja tu. Mimi ndiye huyo mmoja, Msumari. Nilikuwa benchi la tatu, nimevaa gauni la bluu.

Nimemchukia Bwana Filimbi kwa nguvu zangu zote kwa sababu nilipomchukia yeye nilipumua. Nikakutuma wewe ukakate badala yangu. Nilijua unachoweza kufanya na tupa ile, ndiyo maana niliiombea mikono yako. Mungu anisamehe, niliomba vibaya. Na ile habari ya Daudi sikuishia katikati kwa bahati mbaya. Nilifunga kitabu. Akina mama walidhani macho yangu yamechoka.

Nilikulea kwa upendo, hilo usilitilie shaka. Lakini najua pia kwamba kila sahani niliyokupa nilikuwa namlipa kaka yangu. Sijui utafanya nini na mimi. Sasa nimo mikononi mwako na mimi.

Shangazi


14 Julai

Shangazi,

Shikamoo.

Barua yako niliipata tarehe moja. Siku kumi na tatu sikuweza kushika kalamu. Mkweo aliisoma, akalia, akaniambia nisijibu nikiwa nimekasirika. Nikingoja hasira iishe nitakujibu mwaka kesho, kwa hiyo najibu hivi hivi.

Nimekasirika. Nilikuuliza kilichompata baba nikiwa na miaka kumi na mmoja, na kumi na mitano, na siku ya harusi yangu, na kila mara ulinishika uso ukaniambia Filimbi. Baba alikuwa umbali wa sentensi moja kutoka nyumbani. Kuna neno moja ninalotaka kukuandikia, na wewe unalijua, litakuumiza hadi kaburini. Nimeliandika mara tatu na kuchana karatasi mara tatu. Nikiwa na lile neno mkononi nilikumbuka nilivyosimama na plasta hadi ikaniganda. Sitaki kunawa mara ya pili.

Kwa hiyo silisemi, wala leo sisemi yamekwisha, maana hayajaisha, na wewe ungejua nadanganya. Nasema kwamba Desemba tutakuja wote watatu, na utatufungulia mlango huo kwa bega tukuone.

Mzee hajui kuhusu barua yako. Si yangu kumwambia.

Kidonda kimefunga. Daktari alimwangalia tarehe ishirini na nane Juni, akabonyeza, akasema goti linabaki. Binti yake alikaa chini pale pale kwenye korido akalia. Mzee akasema kwa nini watu wanalia mahali pa kupita. Juzi nimemfunga plasta upya, jana nimeupiga tupa mfano, na kwenye ncha ya mfupa nimeongeza milimita tatu. Nilipima, nikapima tena, nikamwita mkuu wa karakana apime.

Nilichobakiza kukuandikia ni hiki. Mzunguko juu, chini kidogo ya goti, sentimita thelathini na nne. Katikati ishirini na tisa. Chini ishirini na tatu. Urefu kumi na saba, na ongeza ishirini za kukunja juu ya goti. Uzi laini kabisa ulio nao.

Mwanao,
Msumari


11 Agosti

Msumari wangu,

Marahaba. Umeandika "mwanao". Ile ya Mei hukuandika, na mimi niliona. Nimeikata sehemu hiyo ya karatasi nimeiweka kwenye kasha la miwani yangu, usinicheke.

Habari za hapa. Kuku ana vifaranga tisa na mwenyewe amesalimu amri. Jumatano iliyopita nilisimama mbele ya akina mama nikaisoma tena habari ya pangoni, yote, hadi mwisho. Kisha nikawaeleza kuhusu mlango. Wawili waliondoka. Mwenyekiti alibaki ananitazama kama mgeni. Mmoja tu, yule mwenye duka la vitambaa ambaye tumegombana kwa sare mwaka mzima, alinishika mkono akanisindikiza hadi nyumbani. Usingizi bado haujanirudia. Nilidhani nikisema utarudi siku hiyo hiyo.

Kwenye kifurushi kuna soksi sita. Zote ni za vipimo vile. Nilifumua gauni langu la sufu la kanisani kwa sababu madukani hakuna uzi laini kama ule. Soksi ya kwanza niliifuma ikawa nyembamba, nikaifumua.

Kuna bahasha pia. Haijafungwa. Ni ya Bwana Filimbi, nimemwandikia yule mtu mmoja aliyemngoja alikuwa nani na alikaa benchi gani. Isome kwanza. Ukiona itamuumiza kuliko kumsaidia, ichome, sitauliza. Ukiona inafaa, msomee wewe, maana macho yake nadhani ni kama yangu. Simwombi anisamehe. Nami sijui kama nimemsamehe, kusema kweli. Asubuhi nasema ndiyo, jioni namkumbuka kaka yangu nasema hapana, kisha nachukua sindano nafuma mstari mwingine.

Mwonyeshe namna ya kuvaa, wanaume hawajui. Avute taratibu, asiache mkunjo hata mmoja. Na mwambie mshono ukae upande wa nje, usimguse mfupa.

Shangazi yako